Nyumba ya Kuvumbikia Maoni

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya tatu ya masika, ukuta wa mashariki wa Bweni la Tano katika Chuo Kikuu cha Sote ulikuwa na ufa wa milimita thelathini na moja. Ngwali Mshamu aliupima mwenyewe kwa rula yake ya chuma, mahali ulipopita usawa wa kifua chake, akaiandika tarakimu hiyo daftarini. Ufa ulianzia chini ya ngazi, ukapanda ghorofa zote mbili, ukaishia kwenye mbao za paa. Wanafunzi walikuwa wameusokomeza magazeti, na juu ya magazeti walikuwa wameweka miswaki.

"Shikamoo, mzee," alisema kijana mmoja aliyeshuka na ndoo. "Usiegemee hapo. Ukuta wenyewe unatuegemea sisi."

"Marahaba. Na miswaki humo ya nini?"

"Panya hawafiki. Wana akili kutuzidi, wanaogopa kufunikwa."

Wenzake wakaangua kicheko, wakaenda zao darasani. Ngwali aliuliza ni wangapi wanaolala humo, akajibiwa mia mbili na kumi na wawili. Akaiandika na hiyo.

Kwao, Ngwali alikuwa mwandishi wa kumbukumbu za vikao vya chuo, kazi aliyoifanya miaka ishirini na miwili bila kurudishiwa ukurasa hata mmoja. Mwaka huo wanafunzi wa kwao waligoma majuma matano wakidai washirikishwe katika maamuzi. Wakuu wake walikuwa wamesikia kwamba katika nchi ya Sote chuo hakiamui lolote bila mwanafunzi, na kwamba hakujawahi kutokea mgomo. Wakamtuma aende aone, aandike, arudi. Namna alivyosafiri hakuiandika popote, kwa kuwa haikuhusu.

Mwenyeji wake alikuwa Bwana Shomvi, Katibu wa Baraza la Chuo, mtu mpole mwenye sauti ya chini, aliyeipenda kazi yake kwa dhati. Asubuhi hiyo hiyo alimpeleka kwenye jengo zuri kuliko yote chuoni. Lilikuwa la mawe yaliyochongwa, halina madirisha, na ndani yake rafu za mvule zilipanda hadi darini. Kwenye kila rafu yalilala mafurushi ya karatasi yaliyofungwa kwa kitani na kupigwa muhuri wa lakiri.

"Hii ndiyo Nyumba ya Kuvumbikia," alisema Shomvi. "Ndizi mbichi hailiwi. Unaifukia, unaifunika, unasubiri. Na maoni ya mwanafunzi ni hivyo hivyo."

Akaeleza Sheria ya Ushiriki kwa utaratibu. Kifungu cha kwanza kilikataza chuo kugusa jambo lolote linalohusu maisha ya wanafunzi pasipo maoni ya wanafunzi wenyewe. Cha pili kilikataza maoni yoyote kusikilizwa kabla hayajavumbikwa miaka minne. Yakishaiva, yaliletwa barazani na kusomwa na mwakilishi wa wanafunzi, ambaye kwa cheo huitwa Msomaji. Wajumbe wote husimama anaposoma. Tangu sheria itungwe, miaka sitini na mmoja, maoni mabivu hayajawahi kukataliwa hata mara moja.

"Hata mara moja?" aliuliza Ngwali.

"Tazama daftari. Nchi gani nyingine inaweza kusema hivyo?"

Ngwali alilitazama. Ilikuwa kweli.

Aliuliza sababu ya miaka minne. Shomvi alisema kwamba zamani, kabla ya sheria, wanafunzi walidai Jumatatu maharage yaondolewe kwenye chakula, na Alhamisi wakadai yarudishwe. Baraza likawatii mara zote mbili, na wapishi wakaacha kazi. Wahenga wa chuo wakaona kwamba maoni yakiwa ya moto hayana thamani.

"Lakini masomo hapa ni miaka mingapi?"

"Minne."

"Basi anayeandika huwa ameshaondoka maoni yake yanaposomwa."

"Karibu wote," alikubali Shomvi. "Yuko mmoja aliyewahi kuyasikia ya kwake, kwa sababu alirudia mwaka mara mbili. Aliomba taa kwenye njia ya maktaba. Alilia machozi siku ilipofungwa."

Ngwali alikwenda baadaye kuiona taa hiyo. Maktaba ilikuwa imehamishwa upande wa pili wa chuo.

Msomaji wa mwaka huo alikuwa Siwema Mbegu, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa hisabati, msichana mwembamba aliyesema haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. Alimkuta Ngwali akila chakula cha mchana, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Nimesikia umepima ufa wetu. Umepata ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Mwezi uliopita ulikuwa kumi na tisa. Mimi nimepima kwa uzi na rula ya shule, lakini sidhani nimekosea sana." Akaweka mezani kipande cha karatasi chenye tarehe na tarakimu, zote zikipanda. "Mvua ndiyo kwanza imeanza. Wewe una rula nzuri, na wewe si mwanafunzi. Utaandika kwamba uliuona?"

"Ninaandika kila ninachokiona."

"Haya. Sasa nikwambie usichokiona."

Ufa ulitokea masika ya mwaka uliotangulia. Siwema aliandika maoni siku ileile, akaomba watu wahamishwe na ukuta ubomolewe. Yalipokelewa vizuri sana, yakapigwa lakiri, na yangeiva baada ya miaka mitatu na mwezi mmoja kutoka siku hiyo waliyoketi kula. Mhandisi wa majengo naye alikuwa ameandika taarifa mara mbili. Zote zilirudishwa na maelezo mafupi: jambo ni la wanafunzi, na mhandisi si mwanafunzi.

"Hilo ni baya," alisema Ngwali.

"Hilo nimeshalizoea. Baya ni la kesho."

Kesho yake Baraza lingekutana, na yeye angesoma maoni yaliyoiva juma hilo. Yalikuwa yameandikwa miaka minne nyuma na kutiwa saini na wanafunzi mia nne na sita, waliokuwa wakilala wawili wawili kitanda kimoja. Waliomba Bweni la Tano liongezwe ghorofa ya tatu.

Ngwali aliweka kijiko chini. "Ghorofa juu ya ukuta ule."

"Juu ya ukuta ule. Matofali yameshaagizwa, maana Baraza halijawahi kukataa. Watu wangu mia mbili na kumi na wawili wako chini yake."

Jioni ile Ngwali aliazima nakala ya Sheria ya Ushiriki, akaisoma yote kwa kidole, kama alivyozoea kusoma sheria. Alipata kifungu kimoja chenye nafasi. Mtu aliyeyaandika maoni mabivu angeweza kuyaondoa kabla hayajasomwa. Na jina la mwandishi lilikuwa wazi chini ya maoni hayo: Mbaruku Sonje. Halikuwa jina geni. Mbaruku Sonje alikuwa Katibu Msaidizi wa Baraza, aliyekaa meza ya pili kutoka kwa Shomvi.

Ngwali na Siwema walimwendea asubuhi, nusu saa kabla ya kikao, kwenye ukumbi wa nje. Alikuwa na umri usiozidi miaka thelathini, na koti la mwajiriwa lilikuwa bado linamshinda mabega. Alisikiliza hadi mwisho.

"Tulikuwa tunalala mzungu wa nne," alisema. "Miguu ya mwenzio usoni kwako mwaka mzima. Nilikuwa na haki ya kuandika, dada."

"Ulikuwa na haki," alisema Siwema. "Sasa yaondoe."

"Nayaondoaje?"

"Sheria inasema mwandishi anaweza."

"Inasema mwandishi mwanafunzi." Akamtazama Ngwali, kisha sakafu. "Mimi nilihitimu. Nikisimama pale kusema neno juu ya mambo ya wanafunzi, wataniuliza nasema kama nani. Na kweli, kama nani?" Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa. "Laiti ningefeli mwaka mmoja tu."

"Ufa umeuona, kaka?"

"Napita njia nyingine," alisema Mbaruku.

Ngwali alirudi kwenye kifungu, akakisoma tena. Neno lilikuwapo. Alikuwa amelipita kwa sababu kwao lisingekuwa na maana. Akaandika daftarini kwamba alikosea.

Saa nne kamili Baraza liliketi, wajumbe kumi na watano. Siwema alikaa kuume kwa Mwenyekiti, kwenye kiti kirefu kuliko vingine, kilichotandikwa zulia. Shomvi alimkabidhi maoni kwa mikono miwili, na wote wakasimama.

Siwema hakusoma. Alisema, "Waheshimiwa, ukuta wa mashariki wa Bweni la Tano una ufa wa milimita thelathini na moja."

Minong'ono ikapita mezani. Mwenyekiti, profesa wa sheria mwenye mvi, hakukasirika. Alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesimama kwenye khutba.

"Msomaji, hayo yameandikwa hapo?"

"Hayakuandikwa. Nayasema mimi."

"Kwa niaba ya nani, binti yangu?"

"Ya waliolala humo jana. Mia mbili na kumi na wawili."

"Na waliotia saini karatasi uliyoishika ni wangapi?"

Siwema aliitazama karatasi. "Mia nne na sita."

"Ni wanafunzi?"

"Walikuwa wanafunzi."

"Basi wanafunzi mia nne na sita wanataka ghorofa, na mia mbili na kumi na wawili hawaitaki. Mimi si mtu wa hisabati, lakini wewe ndilo somo lako." Baadhi ya wajumbe wakatabasamu. "Unatutaka tuipinge sauti ya wanafunzi? Kwenye meza hii haijawahi kupingwa."

"Nataka mtoke mkaone ukuta. Ni hatua mia tatu kutoka hapa."

"Baraza haliwezi kwenda kutazama jambo la wanafunzi kwa kuitwa na maoni mabichi," alisema mjumbe mmoja, bila chuki. "Tukianza leo kwa ufa, kesho ni maharage."

Mjumbe mwingine, mwalimu wa tiba, aliuliza kama kuna taarifa ya mhandisi. Shomvi akamjibu kwamba zilikuwapo mbili na zilirudishwa. Mwalimu yule akashukuru kwa ufafanuzi, akaketi. Mbaruku Sonje alikuwa akiandika. Ngwali, aliyeruhusiwa kuketi kando ya ukuta, aliona kalamu ya Mbaruku imesimama, kisha ikaendelea.

Siwema aliiweka karatasi mezani, akafumba mdomo. Dakika nne zilipita. Hapo Shomvi akasema kwa upole kwamba kwa kifungu cha kumi na nne, Msomaji akinyamaza barazani, maoni huhesabiwa yamesomwa, kwa kuwa nakala zilishagawiwa. Mwenyekiti akaita kura. Mikono kumi na mitano ilipanda. Kwenye kumbukumbu ikaandikwa kwamba wanafunzi wameshirikishwa kikamilifu.

Siwema alitoka akaenda moja kwa moja bwenini. Alisimama kwenye ngazi, akawaambia wenzake bila kupamba maneno kwamba matofali yataanza kupandishwa kesho, kwamba yeye ameshindwa, na kwamba hakuna atakayewahamisha isipokuwa miguu yao. Ukumbi wa mihadhara ulikuwa mtupu kuanzia saa kumi na mbili jioni. Wangeweza kulala sakafuni.

"Na vitanda vyetu?" aliuliza mmoja.

"Vitabaki."

"Havibaki, Msomaji. Kitanda kikilala kitupu siku tatu anapewa mwingine. Kuna watu mia tatu kwenye foleni, na mimi nilisubiri mwaka na nusu."

"Chausiku, bora usiwe na kitanda kuliko usiwe na kichwa."

"Kichwa ninacho," alijibu Chausiku, msichana mnene mwenye kitenge kichwani, "ndiyo maana nahitaji pa kukilaza. Ufa huu una mwaka. Nitafanya mtihani juma lijalo nimelala sakafuni?"

Watu wakacheka, lakini wengine walikwishaanza kukunja magodoro. Hadi jioni walitoka mia moja na thelathini na mmoja. Waliobaki walikuwa themanini na mmoja. Ngwali alisimama mlangoni akawahesabu wote. Siwema alipanda mara tatu kuwasihi waliobaki. Mara ya tatu walimfungia mlango, bila ugomvi, wakisema wanasoma.

Ngwali alimwuliza kama asingeweza kuwaamuru.

"Nani mimi niwaamuru?" alisema. Alikuwa ameketi juu ya godoro lake lililokunjwa, nje, kwenye manyunyu. "Mwaka mzima nimewaambia chuo hakiwasikilizi. Wameniamini. Sasa na wao hawamsikilizi mtu."

Matofali yalianza kupanda siku ya tano ya masika. Siku ya sita ufa ulikuwa na milimita thelathini na nane. Ngwali alimpelekea Shomvi tarakimu hiyo. Shomvi aliitazama kwa makini, akasikitika kwa kweli, akamwonyesha kwa kidole mahali ambapo sheria haikumpa nafasi. Siku ya saba, mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri, ulikuwa na arobaini na nne. Asubuhi hiyo Siwema aliwaendea mafundi wenyewe, akawaomba washuke. Msimamizi wao alimwambia kwamba wao wametumwa na wanafunzi, wana karatasi, na mwanafunzi mmoja hawezi kuwatuma tena.

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku hiyo ya saba, ukuta wa mashariki ulianguka kwa nje, na paa pamoja na matofali ya ghorofa mpya vikaanguka kwa ndani. Wengi wa themanini na mmoja walikuwa darasani. Ndani walikuwamo wanafunzi kumi na tisa na mafundi sita. Waliotolewa hai walikuwa kumi na sita. Mwalimu wa tiba aliyeuliza swali barazani alifanya kazi kwenye kifusi hadi saa nane, mikono mitupu. Siwema alikuwa na karatasi ya majina ya wakaazi. Alisimama uwanjani akaliita kila jina, na alipofika kwa Chausiku aliliita mara nne.

Saa tisa alasiri Baraza lilikutana. Kabla ya hapo maofisa wawili walipita kwa majeruhi wakichukua maoni yao, kwa kuwa sheria ilitaka kila mwanafunzi aliyeguswa na jambo achukuliwe maoni siku hiyohiyo. Maoni kumi na matatu yalikusanywa. Yalifungwa kwa kitani, yakapigwa lakiri yenye tarehe ya kuiva, masika ya mwaka wa nne kutoka siku hiyo.

Shomvi alisoma rasimu ya taarifa ambayo ingepelekwa serikalini. Alipomaliza alimgeukia Ngwali, akamwomba yeye, mgeni asiye na upande, aihakiki.

Ngwali aliipokea, akaipitia mstari kwa mstari akilinganisha na daftari lake. Idadi ya saini ilikuwa sawa, na tarehe ya kuiva pia. Kura ilikuwa kumi na tano kwa sifuri. Taarifa ilisema kwamba uamuzi wa kuongeza ghorofa ulitoka kwa wanafunzi wenyewe, na kwamba Msomaji alikuwapo barazani, na kwamba waliobaki bwenini walibaki kwa hiari baada ya kuonywa. Alitafuta uongo. Alitafuta kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutafuta katika miaka ishirini na miwili, na mjumbe mmoja akakohoa.

"Kuna kosa moja," alisema mwishowe. "Mmeandika saa nne na dakika ishirini na tano. Ilikuwa ishirini."

Shomvi alimshukuru, akasahihisha. Akaisogeza karatasi mbele ya Siwema, kwa kuwa taarifa isiyo na saini ya Msomaji haikuwa halali, akamwonyesha mahali palipopigwa mstari.

Siwema aliitazama. Vumbi la kifusi lilikuwa bado kwenye nywele zake. Alichukua kalamu, akaandika juu ya mstari: Chausiku Pazi. Chini yake akaandika jina jingine, na jingine.

"Msomaji," alinong'ona Shomvi, "nafasi hiyo ni ya jina moja."

Siwema aliendelea kuandika. Majina yalijaza nafasi ya saini, yakashuka kwenye ukingo wa chini wa karatasi, yakageukia pembeni. Wanafunzi waliokufa walikuwa sita. Akaandika mafundi wawili. Kisha akainua uso.

"Fundi wa tatu aliitwa nani?"

Wajumbe walitazamana. Mwenyekiti alimtazama Katibu, na Katibu akatazama makaratasi yake, ambayo yalimtaja kama fundi tu. Mvua ilisikika juu ya paa. Mbaruku Sonje aliweka kalamu chini, akasimama bila kuomba ruhusa, akatoka. Mlango ulibaki wazi nyuma yake. Hakuna aliyeamuru ufungwe, na Siwema alikaa ameshika kalamu juu ya karatasi.

Saa kumi na dakika hamsini na mbili Mbaruku alirudi, ameloa, matope yamempanda hadi magotini. Hakwenda kwenye kiti chake. Alipita mbele ya Mwenyekiti, akainama karibu na Msomaji, akasema kwa sauti iliyosikika chumba kizima:

"Chande Mkwawila."

Siwema aliliandika.